Koti la mvua juu ya adungu yangu, halafu tunaambiwa ni ubunifu!

MwanaPakwach

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Mkiona herufi zimekosewa mnisamehe, nyuzi tisa zimelegea na mwenye nyuzi naye kalegea.

Mnamjua. Simtaji. Yule ambaye hakuna kikao asichokalia kiti cha mbele, anayeweza kukuambia "tufanye ubunifu" hata ukimwomba sukari ya chai. Huyo huyo. Leo ametundika koti lake juu ya adungu yangu.

Koti. La mvua. Juu ya adungu.

Wageni wametoka Ulaya, chuo kinashirikiana na chuo chao, wiki nzima tunalishwa semina za ubunifu, ujasiriamali na ushirikiano wa kimataifa, na soda moja moja. Mimi nimepangiwa kufunga kazi leo alasiri. Asubuhi yote nimekaza vigingi, uzi kwa uzi, nikaiegemeza ukutani, nikaenda msalani. Dakika tatu! Narudi, shingo ya adungu imevaa koti. Eti kwa kuwa imepinda kaona henga ya nguo! Na mvua ya leo Kampala mnaijua. Koti zito kama gunia la mihogo mibichi, linachuruzika ungeweza kukinga jerikeni, na maji yote yanashuka kwenye ngozi. Ngozi ya ng'ombe ikilowa nani hajui inavyokuwa?

Sasa sikieni. Mama mmoja wa wageni anapita, anaona, anapiga picha. Anauliza kwa upole kabisa, hii ni kazi ya mwanafunzi? Mwenye koti, badala ya kuona haya achukue koti lake, kafunga mikono nyuma kajibu: "Ndiyo, ni mazungumzo kati ya jadi na usasa."

MAZUNGUMZO! Koti lako, ssebo!

Nimesimama mlangoni, mkanda wa suruali hata sijaufunga vizuri, nasikia koti linageuzwa sanaa.

Nikalitoa mwenyewe. Nikapiga. Banange, ilitoka sauti ya mbuzi mwenye kikohozi. Yeye akashika maikrofoni, akawaeleza wageni kwamba ala za asili hazitulii kwenye tuni, ndiyo maana mradi huu unahitajika. Aliyeitoa kwenye tuni ni nani?

Na ni yeye juzi aliyetufundisha kwamba msanii afikiri kama mfanyabiashara. Kuniambia mimi! Mimi ninayelipa ada kwa kupiga kwenye kwanjula, sherehe za kutambulisha wachumba, kila Jumamosi. Adungu nachonga mwenyewe, nauza mwenyewe, nyuzi nanunua kwa wauza nyavu kwa sababu ni mishipi ile ile ya kuvulia sangara. Yeye ameshauza nini maishani?

Ngozi hadi sasa inanuka koti. "Jadi na usasa." Nitalala kweli?

KijanaWaNtinda

Uzi mrefu kuliko shingo ya adungu. Koti lilikuwa rangi gani?

MwanaPakwach

Kijivu. Rangi inakuhusu nini?

KijanaWaNtinda

Kijivu na ngozi ya ng'ombe vinaendana. Mazungumzo yamekubali.

MamaKwaya

Pole mwanangu. Lakini ala yako unaiacha ukutani kama fagio? Mimi kinanda cha kanisa nakifunika shuka mbili na mjukuu analala juu yake.

Omwawuzi

Mimi ndiye mwenzake wa amadinda, yale marimba ya mbao, nathibitisha koti nililiona. Ila yeye amepata koti la siku moja, mimi nimepigishwa amadinda kwa Zoom wiki nzima. Mbao 12, watu wawili mnakaa mnatazamana, omunazi anapiga, omwawuzi anaingia katikati ya mapigo yake, wa tatu anadokoa kwenye zile mbao mbili ndogo za mwisho. Ni kutwanga wawili kinu kimoja. Sasa mchi mmoja uko Kampala, wa pili uko Ulaya, na sauti inafika ikiwa imechelewa. Tuligongana hadi mgeni akauliza kama paa linaezekwa. Mnayemjua akaandika kwenye ripoti: "mdundo mpya umezaliwa".

MwanaPakwach

Ndugu yangu pole, lakini amadinda zako hazikuvishwa koti.

TarumbetaLaKibuyu

Wa-Alur wa adungu mnapenda kudekezwa. Koti tu! Bigwala zetu za Busoga, tarumbeta za vibuyu, UNESCO waliziingiza mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa HARAKA. Wamadi wakafuata 2016 na kinubi chao. Bigwala kila kibuyu kina sauti moja, akikosekana mtu mmoja wimbo una pengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la pili. Nikapeleka ombi kwa huyo huyo mnayemjua, tununuliwe vibuyu, tuwalipe wazee waje wafundishe. Akaniambia nilete kwanza mpango wa biashara wa miaka mitano. Kibuyu cha tano sina, mwaka wa tano nitautoa wapi?

FunguoMbili

Nyinyi mna ala za kulowa. Sisi wa piano chumba cha mazoezi funguo mbili hazilii kabisa, ya tatu ukiibonyeza anatoka mende. Mtihani wa muhula uliopita nilizijaza hizo noti kwa mdomo. Nikapewa alama za ubunifu.

KijanaWaNtinda

Mende naye ni mazungumzo.

NimechokaNaPosho

Hamjauliza la maana. Ushirikiano si ni kwenda na kurudi? Wao wamekuja basi zima. Zamu yetu walipotualika kwao, nani alikwenda? Mhasibu na mwenye koti. Mhasibu angalau anapiga mluzi. Na hilo koti lilinunuliwa huko huko kwa posho ya safari, kwa hiyo tukisema haki, koti ndilo tunda pekee la ushirikiano lililofika nyumbani.

MwanaPakwach

Wallahi sikulijua hilo. Kumbe kilichotundikwa juu ya adungu yangu ni ada zetu!

MbongoMpole

Majirani, Kiswahili chenu siku hizi kimenyooka, hongereni. Swali dogo, adungu ni kama zeze?

Omwawuzi

Zeze? Zeze ulilinganishe na endingidi yetu, uzi mmoja na upinde. Adungu ni kinubi, mkuu, kina tumbo la mti na ngozi, unakipiga kwa vidole.

MbongoMpole

Si angesema kinubi tangu mwanzo! Nimesoma uzi mzima nikidhani ni mnyama wake kamwegemeza ukutani, kavishwa koti, baadaye analia kama mbuzi. Nikasema Uganda wanampigaje mnyama halafu wanaenda naye Ulaya.

DadaWaMukono

Ngoja kwanza. Kaka wa adungu, wewe si ndiye uliyepiga kwanjula ya binamu yangu Jumamosi ile? Mlifika saa mbili baada ya wachumba, mkala sahani mbili mbili.

MwanaPakwach

Dada, mvua ilitukamata njiani.

KijanaWaNtinda

Ungekuwa na koti.

DadaWaMukono

Na pesa mlichukua kamili. Huyo ndiye mjasiriamali anayemcheka mwalimu wake.

Omwawuzi

Kamili? Mimi niliambiwa nusu itakuja baadaye! MwanaPakwach, hebu njoo hapa.

MwanaPakwach

Wakuu, turudi kwenye koti.

FunguoMbili

Nusu ilikuwa ngapi?

TarumbetaLaKibuyu

Busoga bendi nzima tunalipwa kuku na nauli, halafu nyie mnagombea nusu.

MamaKwaya

Mlipeni kijana wa watu.

MwanaPakwach

KOTI jamani. Jadi na usasa. Hamkusoma?

FundiWaGaba

Mimi nimesoma hadi hapo kwenye mishipi ya sangara nikasimama. Naunda adungu ya besi, nyuzi za dukani zinakatika. Unanunua Gaba au Katosi?

MwanaPakwach

Gaba. Nenda asubuhi kabla wavuvi hawajamaliza kununua, chagua ile nene kabisa, ivute mbele ya muuzaji uone kama inarefuka. Ikirefuka iache. Na bei ya kwanza usiikubali.

FundiWaGaba

Asante sana. Na ngozi je?