Tupeane uzoefu: kontroli boksi la gari la dizeli lilikusumbuaje, na kilichotibu kilikuwa nini?

Mwanzisha mada, Iringa

Wakuu, habari za mchana. Nafungua uzi huu nikiwa bado na uchungu. Mwaka jana nilitoa milioni 2 na laki 3 kununua kontroli boksi (kompyuta ya injini) la mtumba ambalo gari langu halikulihitaji.

Pikapu yangu ya dizeli, mfumo wa komoni reli (bomba moja la dizeli ya presha kubwa linalozilisha nozeli, zinazonyunyizia mafuta kwenye injini), ilizima ghafla napandisha Kitonga. Selfu inazunguka vizuri, injini haiwaki. Tukaivuta hadi mjini. Mashine ya kupimia ilipochomekwa haikuongea na gari kabisa. Fundi akasema, "Boksi limekufa hili, bosi." Nikaamini. Likaja jingine, likafungwa, kimya. Kumbe lilikuwa limeshika funguo za gari lilikotoka, ikabidi lioanishwe upya na funguo zangu. Wiki nzima ikapita. Bado kimya.

Akaja kijana mmoja wa umeme, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Voti 5 zipo?" Boksi ndilo linalozilisha sensa kwa voti 5: ya presha ya reli, ya pedeli ya mafuta, ya presha ya tabo. Akapima kwenye soketi ya sensa ya reli, akakuta 0.3. Akaacha mita hapohapo, akaanza kuchomoa sensa moja baada ya nyingine. Alipochomoa ya tabo, mita ikaruka hadi 5.0. Waya wa sensa hiyo, upande wa sensa baada ya soketi, ulikuwa umesuguana na brakiti mpaka shaba ikagusa chuma. Waya mmoja, upana wa punje ya mchele, ndio uliozimisha sensa zote na kulinyamazisha boksi. Akaunga, akafunga tepu, akarudisha boksi langu la zamani. Injini ikawaka.

Leteni yenu. Semeni dalili, kilichopimwa, na kilichotibu.

Fundi umeme wa magari, Dar es Salaam

Pole sana mkuu. Nina miaka 14 kwenye kazi hii na hadithi yako naiona kila mwezi.

Boksi lina kazi mbili. Ya kwanza ni kufikiri: linasoma sensa za krenki, pedeli, joto na presha ya reli, kisha linaamua nozeli ifunguke lini na kwa muda gani, muda unaohesabika kwa sehemu za elfu za sekunde. Ya pili ni kusukuma umeme. Voti 12 za betri haziwezi kuifungua nozeli kwa kasi hiyo dhidi ya presha ya zaidi ya baa 1,000, kwa hiyo ndani kuna sehemu inayopandisha umeme na kuuhifadhi kwenye kapasita, kifaa kinachotunza umeme na kuuachia kwa mkupuo. Boksi la nozeli la Ford dizeli ya lita 6.0 linafanya kazi kwa voti 48, na mifumo mingine inapita 100. Tafadhali msishike soketi ya nozeli injini ikiwa inazunguka.

Sehemu hii ya pili ndiyo inayokufa zaidi. Joto na mtikisiko vinapasua lehemu, gari linakuwa zima likiwa la baridi, linakufa likichemka. Pampu za dizeli za Bosch VP44 zina boksi lao juu ya pampu yenyewe, na linapozwa na dizeli inayopita ndani. Mafuta yakija hafifu, linaungua. Na koili ya nozeli ikishoti inaweza kuondoka na boksi. Ukifunga jipya bila kupima koili zote, umeliunguza na hilo.

Dereva wa masafa, Tunduma

Langu lilikufa kweli. Chesi ilichomelewa bila kutoa betri. Tulipomaliza, nozeli hazipati umeme tena. Siku hizi natoa terminali zote mbili na soketi za boksi kwa mkono wangu, kabla fundi hajawasha mashine yake.

Mdau wa Nakuru

Mimi nabeba maziwa, saa kumi alfajiri lazima niwe barabarani. Gari likawa linakataa asubuhi ya baridi, mchana linawaka bila shida. Mekanika wawili wakasema ni kompyuta. Wa tatu akaweka mita kati ya nigeti ya betri na bloku ya injini, akaniambia nipige stata. Ikasoma voti 1.6. Akasema isipite nusu voti. Kebo ya ethi, inayounganisha nigeti ya betri na chuma cha injini, ilikuwa imeliwa na kutu chini ya boliti, kwa hiyo kompyuta ilikuwa inakosa umeme wa kutosha kila nikipiga stata na kuanza upya. Tukasugua kwa msasa, tukabadilisha boliti. Sijarudi gereji kwa shida hiyo.

Mama mwenye gari la abiria, Morogoro

Shikamooni wakubwa. Langu lilioshwa injini kwa mashine ya maji, pini za boksi zikaota kutu ya kijani. Fundi wa bodi za elektroniki alisafisha, likarudi. Ila wiki hii linakosa nguvu mlimani, mashine ya kupimia inatoa kodi ya hitilafu P0087, na kijana wa gereji anasema boksi ni lilelile, ninunue jingine. Nifanyeje?

Fundi umeme wa magari, Dar es Salaam

Marahaba dada. Usinunue. P0087 maana yake presha ya reli iko chini ya ile boksi linayoitaka, yaani boksi liko hai na ndilo linalokulalamikia. Anza na filta ya dizeli. Ikiwa safi, wapime presha ya reli na mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli, kisha pampu na vali yake.

Mama mwenye gari la abiria, Morogoro

Nimerudi. Filta imetoka nyeusi, na tumemwaga maji karibu nusu kikombe. Jana limepanda na abiria wote bila taa kuwaka. Tangi linafunguliwa Jumamosi lisafishwe.