Kufuatilia rova za Mirihi kutoka Mombasa: hesabu ya soli, picha za vipande na siku za kimya

Maalim_Kisauni aliuliza:

Asalaam aleikum wapenzi wa anga. Kilabu cha sayansi cha watoto wa miaka 11 hadi 14 kinatengeneza ubao wa ukutani wa kufuatilia Curiosity na Perseverance, rova (magari ya utafiti) za NASA zilizoko Mirihi. Kila wiki wabandike picha moja kutoka tovuti ya NASA, mahali ilipopigwa na saa ya huko Mirihi. Vifaa ni tarakilishi moja kuukuu, projekta na bando la simu. Pamekwama pahali patatu:

Kwanza, tukihesabu siku tangu Perseverance itue, tarehe 18 Februari 2021, hatupati nambari ya soli inayoandikwa kwenye picha, na tofauti inazidi kukua. Pili, picha nyingine ni kipande tu cha jiwe, na nyingine ni za kijivu zenye vijiraba kama chekecheke. Tatu, kuna siku hakuji kitu, kisha zinamiminika za siku tatu kwa mpigo. Je, rova hulala?

NahodhaTudor:

Waaleikum salaam Maalim. Hapo kwenye soli ndipo utamu ulipo, kwa hivyo nianze napo.

Soli ni siku ya Mirihi: saa 24, dakika 39 na sekunde 35. Dakika hizo 39 na ushei hazionekani kwa siku moja, lakini kila baada ya siku 37 hivi zinakula soli nzima. Kwa mwaka mmoja mtakuwa mmekosea soli 10. Dawa yake ni hii:

Hesabu siku za dunia tangu kutua. Gawanya kwa 1.0275. Kwa kuwa Perseverance ilitua alasiri ya huko, ongeza 0.66, kisha kata desimali. Jaribuni kwa 12 Desemba 2023: ni siku 1,027. Ukigawanya unapata 999.5, ukiongeza unapata 1000.2. Siku hiyo ndiyo NASA ilitangaza soli ya 1,000. Watoto wakipata jibu hilo wenyewe, hawatasahau.

Jambo moja linalowapotosha wengi: tarehe ya kutua ni ya saa za dunia (UTC). Ilikuwa saa 20:55 UTC, yaani saa tano na dakika 55 usiku kwetu, dakika tano tu kabla ya siku kugeuka. Curiosity ilitua 6 Agosti 2012, saa mbili na dakika 17 asubuhi yetu, ilhali California ilikuwa bado tarehe 5, ndiyo maana mtakuta tarehe mbili mtandaoni. Kwenye ubao chagueni saa moja tu, ya Mombasa au UTC, msichanganye.

Na kwa saa ya huko, chukueni saa ya ukutani ya betri, ya bei nafuu, na kila asubuhi mrudishe mishale nyuma dakika 38 na nusu. Mnakosea chini ya nusu dakika kwa siku. Irekebisheni mwisho wa mwezi kwa kuangalia saa ya soli iliyoandikwa chini ya picha mpya. Mtoto akiiona saa hiyo ikisema alfajiri wakati jua la Mombasa liko utosini, ataelewa kwamba kuna asubuhi nyingine inayoendelea sasa hivi, na gari letu liko ndani yake.

Fundi_wa_Picha:

La vipande: kamera za uongozaji za Perseverance hupiga picha ya pikseli 5120 kwa 3840. Ni kubwa mno kutumwa kwa mkupuo, hivyo hukatwa vigae 16, kila kimoja kama 1280 kwa 960. Mkipakua kimoja mtaona jiwe tu. Tazameni jina la faili. Herufi za mwanzo ni kamera (NL ni jicho la kushoto la uongozaji, NR la kulia, ZL na ZR ni Mastcam-Z, kamera za juu ya mlingoti), kisha tarakimu nne za soli, kisha saa ya chombo kwa sekunde. Vigae vyenye sekunde zilezile ni vya picha moja. Vipangeni vinne kwa vinne katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Kingo zake hupishana kidogo, kwa hivyo msivibandike ncha kwa ncha, vilazeni kimoja juu ya kingo ya kingine.

Zile za chekecheke hazijaharibika. Kila pikseli ya kamera imefunikwa kichujio chekundu, kijani au bluu, na faili imetumwa kabla rangi hazijachanganywa. Pita nazo mbali mpaka watoto wazoee. Kijivu bila vijiraba ni jambo jingine: kamera za uongozaji za Curiosity ni za nyeusi na nyeupe tangu zilipotengenezwa.

Kuhusu bando: faili moja ya picha (PNG) ya ukubwa kamili huweza kuzidi MB 1. Chujeni kwanza kwa soli na kwa kamera, chagueni kwenye vijipicha, halafu mpakue mbili tatu. Na picha yenye ukungu wa pikseli msiitupe. Rova hutuma vijipicha kwanza, kubwa ikafuata hata baada ya siku kadhaa.

Sasa jambo ambalo litawafanya wapige kelele: picha ya kina. Chukueni NL na NR za sekunde zilezile. Kutoka ya kushoto toeni chaneli nyekundu peke yake, kutoka ya kulia kijani na bluu, kisha unganisheni ziwe picha moja. Miwani ni kadibodi na karatasi za selofeni, nyekundu jicho la kushoto, bluu-kijani jicho la kulia. Kama mawe yanaonekana mashimo, mmegeuza miwani. Kamera hizo zimeachana sentimita 42, mbali kuliko macho yetu, ndiyo sababu vilima vya mbali navyo vinajitokeza.

BintiNyali:

La tatu nalijibu mimi. Rova hailali siku hizo. Inasubiri kivuko, kama mtu wa Likoni.

Perseverance ina antena ya kuzungumza na dunia moja kwa moja, lakini njia yake ni nyembamba. Kwa biti 500 kwa sekunde, picha ya MB 1 ingechukua zaidi ya saa nne. Kwa hiyo hungoja setilaiti ipite juu, kama MRO au Trace Gas Orbiter, na kuirushia data kwa hadi biti milioni 2 kwa sekunde. Picha ileile inapanda kwa sekunde nne! Lakini setilaiti ikishapita upeoni basi. Kupita kumoja ni dakika nane hivi, na MRO hupita karibu saa tisa alasiri na saa tisa usiku za huko. Kisha setilaiti ishushe mzigo kwenye antena za California, Hispania au Australia, ambazo zina vyombo vingine vya kuhudumia.

Antena hizo mnaweza kuzitazama zikifanya kazi, kwenye ukurasa wa NASA unaoitwa DSN Now. M20 ni Perseverance, MSL ni Curiosity. Mkiona mawimbi kati ya sahani na MRO, huenda picha zenu zimo njiani dakika hiyo. Safari ni dakika 3 hadi 22 kutegemea umbali.

Pia wanaoendesha rova wako California. Asubuhi yao ya kazi ni saa moja au mbili usiku kwetu, na Ijumaa hupanga soli tatu kwa pamoja. Ndiyo maana Jumatatu zinamiminika.

Kila baada ya miaka miwili jua hukaa kati yetu na Mirihi, na amri husimamishwa wiki mbili hivi. Andikeni kwenye ubao "jua liko njiani", wasidhani rova imekufa.

NahodhaTudor:

Nisahihishe kidogo Binti: ni miezi 26 hivi, si 24. Ukiweka 24 kwenye ubao, mara ya pili utakuwa umekosea miezi minne.

Maalim_Kisauni:

Shukran sana nyote, haya yanatosha kuanzia Jumamosi. Wanauliza pia: kwa nini helikopta ndogo iliyokwenda na Perseverance ilikoma, ilhali rova inaendelea?

Fundi_wa_Picha:

Ingenuity ilitarajiwa kuruka mara tano. Ikaruka mara 72, kutoka 19 Aprili 2021 hadi 18 Januari 2024, katika hewa yenye uzito kama asilimia moja ya yetu. Ilijiongoza kwa kamera ya chini, ikifuatisha mawe na alama za ardhi. Safari ya mwisho ilikuwa juu ya mawimbi ya mchanga laini yasiyo na alama, mithili ya nahodha aliyepoteza ufuo. Haikujua inakwenda kasi gani kwa upande, ikagusa chini vibaya, na mapanga yakavunjika. Betri na redio zilibaki hai. Kilo 1.8 tu, na mimi bado nikitazama kivuli chake kwenye picha hizo mwili hunisisimka.

BintiNyali:

Na siku moja watoeni nje. Tarehe 19 Februari 2027 Mirihi itakuwa mkabala na jua. Itachomoza mashariki jua likizama, na kufika juu kabisa karibu saa sita na nusu usiku, upande wa kaskazini, nyuzi 70 hivi kutoka upeoni, jirani na nyota Regulus, moyo wa kundinyota la Simba. Nyekundu haikosi kujulikana hata kwa taa za mjini. Wiki ile nuru ya Mirihi itachukua chini ya dakika sita kufika. Wapeni ile picha ya kina waishike mkononi, halafu wainue macho.