MREJESHO: Nimefika Bunge la Visiwa vya Solomon

Wakuu, niliuliza kama mgeni wa kawaida anaruhusiwa kuingia bungeni Honiara, mji mkuu wa visiwa hivyo. Anaruhusiwa, nimeingia.

Jengo liko juu ya kilima. Ukipanda kwa miguu jasho litakutoka haswa, ila ukifika unauona mji wote na bahari yake, uchovu unasahau. Ni la zege, paa lake lina umbo la koni, zawadi ya Marekani iliyofunguliwa 1993 kuwakumbuka waliokufa kwenye mapigano ya Guadalcanal (kisiwa ilipo Honiara) ya Vita Kuu ya Pili, 1942 hadi 1943. Wabunge ni 50 tu, na wananchi wana jukwaa lao la kusikiliza. Hakukuwa na kikao, kwa hiyo mabishano nimeyakosa (nilikuwa nayatamani kweli).

Mkuu uliyenishauri nipande asubuhi, ubarikiwe.