Kufunga msimu wa kamba: tupeane uzoefu

Nanga: Wanaolijua hili la kusimamisha uvuvi wa kamba wa baharini kwa muda ili wadogo wakue, tupeane uzoefu. Tarehe ya kufunga mnaipangaje, na mkishafunga mnailindaje?

Mkokoni: Kamba hutaga baharini, vitoto vikaingia mikokoni kukua kwa miezi kadhaa, kisha vikatoka. Fungeni wanapoanza kutoka. Piga hesabu: kamba 100 wa gramu 10 ni kilo moja. Wakiachwa wafike gramu 20, hata wakiliwa 30 na samaki, 70 waliobaki ni kilo 1.4. Na kamba mkubwa ana bei.

Bamvua: Hapo umenena.

Ngalawa: Hesabu siipingi, napinga tarehe ya kwenye karatasi. Mvua ikiwahi, maji ya mto yanawasukuma wadogo nje kabla ya siku yenu. Pimeni! Kila bamvua (siku bahari inapojaa na kupwa sana), usiku, maji yakitoka: wavu uleule, mahali palepale, muda uleule. Koroga ndoo, chota kilo moja, hesabu. Wavu wa kupimia uwe na macho madogo. Ukipimia wenye macho makubwa, wadogo watapenya na mtadhani kamba wamekua. Kubalianeni kikomo, tuseme 60 kwa kilo. Idadi ikishuka chini ya hapo mara mbili mfululizo, ndiyo wamekua, fungueni.

Nahodha: Ndugu yangu, tarehe inayohamahama haina mlinzi. Mwenye njaa ya kuingia ndiye atakayejitolea kupima.

Ngalawa: Basi wapime wavuvi watatu, wa kimia (wavu wa kurusha), wa jarife (wavu wa kutega) na wa uzio (mtego wa ua), hadharani, pale pale mzani ulipo.

Mkokoni: Na vijito vifungwe pia. Mkifunga nje huku vyandarua vinakokotwa mikokoni, hamjafunga kitu.

Kimia: Mnabishana kufunga, balaa liko kwenye kufungua! Vyombo vyote vinaingia usiku mmoja, barafu inakwisha, vichwa vinaanza kuwa vyeusi, mnunuzi anataja bei anayotaka. Msiondoke bila barafu: kilo kwa kilo, ipondwe, tabaka la barafu tabaka la kamba, na sanduku liwe na tundu chini maji yatoke. Kamba wakilala kwenye maji ya kuyeyuka wanalainika. Fungueni maji mafu (siku bahari inapojaa na kupwa kidogo), mavuno yaanze kidogo kidogo.

Nahodha: Maji mafu? Watu wametoka kwenye miezi ya ukame wa mapato, unawapeleka kuambulia nusu ndoo!

Bamvua: Fungueni bamvua, ila vyombo vigawanywe mafungu mawili, yapokezane usiku kwa usiku.

Kimia: Fungu la pili litakubali kungoja?