Seti ya fimbo za gofu: mitumba yenye shafti (miti ya fimbo) za chuma, au mpya ya grafaiti?

Babu_Fairway (Dar)
Wakuu, salaam. Nina miaka 54, handikapu 24 (yaani bado najifunza), nacheza viwanja vya Lugalo na mara mojamoja Gymkhana. Nimebakiwa na seti mbili, mfuko unaruhusu moja. Ya kwanza ni mitumba: airon (fimbo zenye namba, za kupigia masafa mbalimbali) za chuma cha kufuliwa, vichwa vyembamba, shafti za chuma zimeandikwa S, yaani ngumu, na muuzaji ananiongezea draiva, fimbo ya kupigia mbali kabisa, "ya titani". Ya pili ni mpya: vichwa vya kusubu vilivyochimbwa mgongoni, shafti za grafaiti, R, yaani laini kuliko S. Bei yake ni mara mbili. Airon 7 ya kuazima huenda yadi 125 nikiipata vizuri, na siku nyingi siipati. Moyo uko kwenye mitumba, maana inang'aa jamani.

Kedi_Mstaafu (Nairobi)
Mzee, heshima yako. Kwa yadi 125, hiyo S haikufai. Shafti ngumu inataka mtu wa kuifyatua. Usipoifyatua, mpira hutoka chini na kukimbilia kulia, nawe unabaki kulaumu mikono. Lakini usiziabudu herufi, maana watengenezaji hawana kipimo kimoja, R ya huyu ni S ya yule. Uliza uzito. Shafti ya chuma ya airon huwa gramu 95 hadi 130 hivi, grafaiti nyingi ziko 50 hadi 80. Subiri shimo la 15, jua la saa nane, utazihesabu gramu moja moja.

Mwana_wa_Nyali (Mombasa)
Nyinyi mko na mahesabu, mimi nina chumvi. Airon za kufuliwa ni chuma laini kilichopakwa kromu. Kromu ikilika usoni, upepo wa bahari unamaliza kazi. Zangu zilianza madoa ya kahawia kwenye mifereji ndani ya msimu mmoja, na mimi nilikuwa nazirudisha kwenye mfuko mbichi baada ya mvua, sijifichi. Za kusubu nyingi ni chuma kisichoshika kutu upesi. Babu, wewe na mimi tunavuta hewa ileile.

Fundi_Gripu (Arusha)
Shikamoo Babu. Kazi yangu ni kubadilisha gripu na shafti, kwa hiyo naona magonjwa ya fimbo kila siku.

Kwanza, namba 7 si namba 7. Airon 7 za zamani zina digrii 34 au 35 za mlalo wa uso (zikipungua, mpira huenda mbali), hizi mpya za kusaidia wachezaji zina 28 hadi 30. Ukiona mpya imeruka mbali, sehemu kubwa ni airon 6 iliyoandikwa 7. Si dhambi, ila ujue unachonunua. PW yake, yaani weji, fimbo ya kupigia karibu, nayo itakuwa kama digrii 43. Ukiwa na weji ya mchanga ya 56, katikati pana bonde, huna fimbo ya masafa hayo.

Pili, angalia alama ambayo fimbo inaacha kwenye udongo. Ncha ya mbele ikichimba zaidi, fimbo imelala mno kwako. Kisigino kikichimba, imesimama mno na mpira utavutwa kushoto. Kichwa cha kufuliwa nakipinda kwa digrii moja mbili bila wasiwasi. Cha kusubu ni kigumu, wakati mwingine hupasuka, na lawama inakuja kwangu.

Tatu, hiyo draiva. Nenda na sumaku. Titani haivutwi.

Na wote mnaoacha fimbo kwenye buti ya gari, gundi hulegea kwa joto. Kuna mteja alipiga airon 8, kichwa kikatua mbele kuliko mpira.

Mgeni_Kitante (Kampala)
Mbona mnamkimbiza mzee kwenye grafaiti kana kwamba chuma ni S peke yake? Ziko shafti za chuma nyepesi, R, gramu 95 hivi. Bei yake ni ndogo na kichwa unakisikia kilipo. Chuma hutikisa mikono zaidi, lakini kama viwiko havimuumi, mimi naanzia hapo. Vikimuuma, grafaiti, mjadala umekwisha.

Kedi_Mstaafu (Nairobi)
Hapo umesema, bosi. Babu, viwiko vipi?

Babu_Fairway (Dar)
Marahaba Fundi. Viwiko vizima, goti ndilo bovu. Leo nimepiga zote mbili, mipira 20 kila moja. Ile S: saba tu zilipanda juu. Mpya: yadi 136, nikacheka peke yangu, kisha nikamuuliza muuzaji digrii. 29. Ya mitumba ni 34. Kicheko kikapungua.

Sumaku nilichomoa kwenye spika ya redio mbovu. Titani ikaing'ang'ania kama mlango wa friji. Muuzaji akasema ni "titani ya kisasa".

Nimechukua vichwa vya kusubu, na nimeomba viwekwe shafti za chuma nyepesi, R. Wiki tatu.

Fundi_Gripu (Arusha)
Safi. Wakikuletea, pima urefu kabla hujalipa salio. Na lile bonde la weji?

Babu_Fairway (Dar)
Digrii 49 au 50. Kijana wangu aliahidi kuninunulia. Namkumbusha kila Jumapili baada ya chakula.