Kupika nyumbani wiki nzima, mnawezaje jamani?

Wakuu habari zenu, nataka nianze kula vizuri yani nipike mwenyewe, shida nikitoka kazini nimechoka hata kukata kitunguu naona mlima, naishia kununua vya kukaanga njiani. Nyie mnapangaje?

Jibu: Mkuu usipange siku zote saba utachoka mapema, anza na milo mitatu tu. Na kabla ya kuandika cha kununua fungua friji kwanza uone kilichopo.

Jibu: Mi mkombozi wangu ni maharage. Naloweka usiku, asubuhi namwaga yale maji, nachemsha sufuria kubwa bila kuunga, yakiiva nagawa kwenye vikontena, ya siku 3 friji yaliyobaki friza, jioni nakaanga tu kitunguu na nyanya namwagia humo, chap nimekula. Ila yasikae nje zaidi ya masaa 2, na ukipasha pasha mpaka yachemke kabisa.

Jibu: Chumvi pia jamani! WHO wanasema mtu mzima chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, sasa mtu anatia vile viungo vya mchemraba ambavyo vina chumvi tayari halafu anaongeza tena juu 😂 kamulia limao bana

Muuliza swali: Asanteni sana, ila mboga za majani zinanyauka kabla sijazifikia

Jibu: Hizo pika siku za mwanzo, kabichi na karoti ndo ziwe za mwisho wa wiki.