Tuache kuisingizia mvua: Ihefu na Mtera zinakaushiwa Usangu

Wakuu, nimechoka na huu wimbo. Kila maji yakishuka kwenye bwawa la umeme la Mtera na umeme ukaanza kukatika hapa Dar, jibu ni lile lile: mvua hazikunyesha, tabianchi imebadilika, tuombe Mungu. Mvua ina mchango wake, sikatai. Lakini kabla maji hayajafika Mtera kuna watu wameshayachukua, na hilo halisemwi kwa sauti kwa sababu mchele ni mtamu na mashamba yana wenyewe.

Mito inashuka kutoka milimani na kuingia bonde la Usangu, kule Mbarali, mkoani Mbeya. Huko inakatwa na mabanio, yaani vizuizi vya kugeuza maji ya mto, maji yanaingia mifereji na kwenda kwenye majaruba ya mpunga. Yanayobaki ndiyo yanaingia kinamasi cha Ihefu. Na Ihefu inatoa maji mahali pamoja tu, Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Kina kikishuka chini ya mwamba ule, mto umekatika. Mto huo ni Ruaha Mkuu, na ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye vidimbwi vya matope, samaki wanakufa. Mto huo huo ndio unajaza Mtera yenye mitambo ya megawati 80, halafu Kidatu yenye megawati 204.

Nenda Mbarali mwezi wa tisa ujionee. Mpunga ulishavunwa, jaruba limebaki mabua makavu. Banio liko wazi! Mfereji unapitisha maji, yanatawanyika kwenye shamba lisilo na zao, yanatuama, jua linayanywa. Ukiuliza unaambiwa ni ya matumizi ya nyumbani, ya ng'ombe na ya kufyatulia matofali. Sawa, watu lazima wapate maji. Basi wachimbiwe visima na wawekewe mabomba, maana kupeleka ndoo za kijiji kwa mfereji uliochimbwa kunywesha mamia ya ekari ni kuua mto bure. Na kuna wanaowahi kuandaa vitalu maji yakiwa machache kuliko wakati wowote, ili mchele wao uwahi bei nzuri. Bei hiyo tunailipa sisi huku Manzese na Tandale, kwa hiyo tusijifanye hatuhusiki.

Kinachoniudhi zaidi ni kile kinachoitwa uboreshaji. Banio la zamani lilikuwa la miti, nyasi na mawe. Lilivuja, na kule kuvuja ndiko kulikomwachia maji mtu wa chini. Mafuriko yakija lilisombwa, likajengwa upya. Tukaleta zege na lango la chuma, tukakata utepe, tukapiga makofi. Sasa mto ukipungua, banio moja linaweza kuuchukua karibu wote. Kibali cha kuchukua maji kinataja lita kwa sekunde, lakini mabanio mengi hayana hata cha kupimia. Kibali bila kipimo ni karatasi.

Halafu lawama tukamtupia mfugaji. Mwaka 2006 na 2007 watu wakaondolewa Ihefu, ng'ombe wakaswagwa hadi Lindi, wengine wakafia njiani, familia zikafilisika. Eneo lile likaja kuunganishwa na hifadhi. Mto ukaendelea kukauka! Ng'ombe anaharibu kinamasi, ni kweli, lakini ng'ombe hakujenga banio. Mwenye fimbo aliondolewa kwa sababu kumwondoa ni rahisi kuliko kumgusa mwenye shamba.

Anayedhani natia chumvi akasome habari za Bahari ya Aral, ambayo kwa kweli ni ziwa. Mwaka 1960 ilikuwa na kilomita za mraba kama 68,000, miongoni mwa maziwa manne makubwa kabisa duniani. Wasovieti wakageuza maji ya Amu Darya na Syr Darya kwenda kwenye mashamba ya pamba. Leo sehemu kubwa ni jangwa la chumvi, na meli za uvuvi za Moynaq zinaota kutu mchangani. Haikuwa mvua ile, yalikuwa maamuzi ya watu ofisini. Kazakhstan walipojenga bwawa la Kok-Aral mwaka 2005, kipande cha kaskazini kilipanda tena na samaki wakarudi. Kwa hiyo inawezekana, pale watu wanapoamua.

Niliwahi kuuliza ofisi moja inayohusika na haya mambo, nikaambiwa niandike barua. Niliandika. Sijajibiwa.

Kwa hiyo nauliza hapa. Kama humu kuna mtu wa ofisi ya bonde la maji, aje na majibu: ni mabanio mangapi Usangu yana kipimo kinachofanya kazi, nani anayasoma, na kiangazi hiki ni yapi yamefungwa? Orodha ya vibali iwekwe hadharani, majina na lita, tuone nani anachukua nini. Na msije hapa kuniambia habari za mvua.